Kondoo Ambao Hawajafika Saizi

Kondoo wa kwanza kuoneshwa, Skolastika alimpima kwa rula.

Wala haikuwa rula ya mtoto wa shule. Ilikuwa ile ya mbao, mita nzima, ya kuchorea ubaoni, ambayo kwa miaka ishirini na miwili kule visiwani Muleba ilikuwa imelala juu ya sangara wengi kuliko rula ya mwanamke yeyote wa ziwa lile. Alikuja nayo mnadani ameizungushia kanga. Akaichomoa mbele ya watu, akaiweka mgongoni mwa kondoo mwekundu, mfupi, mwenye mkia mnene, kuanzia shingoni mpaka mkia unapoanzia. Akasoma, akasonya.

"Hamsini na nane," akasema. "Huyu mtoto. Hajafika saizi."

Haidari, mwenye kondoo, alikuwa mchuuzi wa mifugo wa huko Izimbya, ndevu kazipaka hina, sauti kama spika ya mnada. Alimtazama mama, akaitazama rula, akamtazama tena mama.

"Saizi ipi, mama yangu? Mimi nauza kondoo."

"Sangara tu, samaki asiye na hata mguu, asipofika hamsini ni kesi. Sembuse mnyama mwenye miguu minne? Huyu angalau afike themanini."

Watu waliokuwa wakibishania mbuzi upande wa pili wakaacha mbuzi wao wakasogea. Haidari hakutaka kupoteza mteja, akajikaza. "Mama, sikiliza. Huyu unayemwita mtoto amezaa mara tatu. Ndiyo kimo chake. Kabila lake dogo. Mama yake alikuwa hivi, bibi yake hivi."

"Hayo nayajua. Kule Bumbile nilishawahi kuambiwa sangara wa robo kilo ni bibi wa ukoo mzima."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwashtua hata ng'ombe. Mayenga, mume wa Skolastika, Msukuma mrefu mwenye maneno machache, alimgusa mkewe bega. Alikuwa amechunga mifugo ya baba yake huko Misungwi kabla ziwa halijamchukua. "Mama Nancy, mfungue mdomo tuone meno."

"Nimekuja kununua kondoo, Baba Nancy, sikuja kung'oa meno."

Na hapo Haidari uvumilivu ukamwisha. "Jamani, mpisheni Mama Rula apite! Anatafuta kondoo wa ziwani!"

Jina lile halikusubiri gari. Skolastika aliposhuka Kanazi jioni ileile, jirani yake Violeth alikuwa amesimama barabarani mikono kiunoni, meno yote nje. "Karibu, Mama Rula. Umepata wangapi waliofika saizi?"

* * *

Mtu asishangae mwanamke wa samaki kuhangaika na kondoo. Alichokuwa anatafuta ni mavi yao, na mwenyewe hakuficha.

Kibanja alichorithi kwa baba yake kilikuwa kimechoka. Migomba imesimama kama watu waliotoka kuugua, mikungu inayotoka unaibeba kwa mkono mmoja na mwingine ukanywea chai. Mibuni nayo ilizaa kama inalazimishwa. Kila aliyepita alisema neno lilelile: kibanja kinataka samadi. Mwezi wa pili akaja baba yake mdogo, Ta Byabato, mkuu wa ukoo, na koti lake la kanisani na fimbo. Nyuma yake alikuwa Johnson, mtoto wake, mwenye duka la bati na misumari Bukoba mjini, viatu vyake vikiogopa matope.

Mzee alizunguka kibanja chote. Akafika katikati ya migomba, akasimama.

"Skola, mwanangu. Ukoo utakaa mwezi wa kumi na mbili, wiki ya kwanza. Tukikuta kibanja bado kimelala hivi, Johnson atakishika. Nyumba utabaki nayo, sikufukuzi. Lakini kibanja cha kaka yangu hakiwezi kufa mimi nakitazama."

"Na nikikiamsha, Ta?"

"Tutaona."

"Tutaona ndiyo nini, waitu? Hata mnunuzi wa dagaa hujibu bei."

"Ndilo jibu nililo nalo," alisema mzee, na pembe ya mdomo wake ikatikisika kidogo. Johnson yeye alikuwa ameshaanza kupima kwa macho. Kila mtu Kanazi alijua alichotaka kupanda pale: mikaratusi. Uipande, uende zako mjini, urudi baada ya miaka minane kukata nguzo. Migomba ya babu igeuke kuni. Skolastika alimtazama binamu yake anavyohesabu mashimo hewani.

Ng'ombe asingemweza. Ng'ombe wa maziwa anakula tangu alfajiri, na mgongo wa Mayenga ulishamalizwa na nyavu. Mbuzi walikuwa hatari zaidi: mbuzi wa Violeth alishawahi kumaliza miche ya kahawa ya jirani, kesi ikafika mpaka kwa mchungaji. Kondoo ndiyo wakabaki. Kondoo ni mpole, anakula nyasi, analala mapema. Swali likawa moja tu: kondoo gani?

* * *

Swali la namna hiyo Skolastika hakulijibu peke yake. Alichemsha chai ya sufuria kubwa, akakaanga maandazi, akaacha mlango wazi. Kufikia saa kumi sebule ilikuwa imejaa. Mujuni, bwana mifugo mstaafu wa nyumba ya tatu, alipewa kiti chenye mto. Violeth alikaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa. Nancy, binti wa nyumba, mshonaji wa Bukoba mjini, alikuja na simu yenye bando.

"Mama, tazama hawa." Nancy aliipitisha simu mkono kwa mkono. "Wanaitwa dopa. Mwili mweupe, kichwa cheusi. Kilo tisini dume!"

"Mae!" Violeth akashika shavu. "Kama bwana harusi aliyevaa kofia. Mama Rula, huyu rula yako haimtoshi."

"Mpeni na Mujuni aone," alisema Skolastika, macho yanang'aa.

Mujuni aliiangalia simu kwa mbali, kama mtu anayeangalia picha ya mkwe asiyemtaka. "Ni mnyama mzuri. Sina ugomvi naye. Ila ni mnyama wa nchi kavu, na wa mtu aliyezoea kufuga. Sisi hapa mvua inanyesha miezi ile unayoijua. Nyasi zinalowa, minyoo inapanda kwenye jani inamsubiri. Kwato zinaoza. Wewe ndiyo kwanza unaanza, Ma Skola. Chukua wale wekundu wadogo. Minyoo wanaipigia kelele tu, hawaanguki ovyo. Wanakula kidogo. Huyu dopa mmoja chakula chake ni cha wekundu watatu."

"Wakila kidogo watanya kidogo," alisema Skolastika. "Mimi nataka mavi, Ta Mujuni."

Nyumba nzima ikacheka. Hesabu ile ilisikika imenyooka.

"Utapata watatu mahali pa mmoja," Mujuni alisema. "Akianguka mmoja, wawili wanabaki."

"Wadogo siwataki. Mimi nimelala mahabusu siku mbili kwa sababu ya gunia la sangara wadogo ambao hata si wangu, waliwekwa kwenye barafu yangu na mtu aliyekimbia. Toka siku ile kitu kidogo nikikiona natafuta mlango wa kutokea."

"Kondoo mdogo hana doria, Mama Nancy," alisema Mayenga kutoka kwenye kona yake.

"Baba Nancy, wewe ulichunga lini? Kabla ya noti hizi."

Mayenga akatabasamu, akachukua andazi. Pesa yenyewe ilikuwa ya Skolastika, ya kuuza injini ya mtumbwi, na maneno yakaishia hapo. Violeth ndiye aliyefunga kikao kwa kusema kwamba kama ni kufuga, bora ufuge kitu ambacho watu watakuja kukitazama.

* * *

Dopa wawili, dume na jike, walitoka kwa Kahangwa, mstaafu mmoja wa Rubafu aliyekuwa amewaleta kutoka mbali kwa lori na bado ana risiti ya lori hilo. Skolastika aliweka rula. Ilisoma themanini na sita. Alitoa milioni moja na laki mbili bila kuomba kupunguziwa hata nauli, jambo ambalo wenzake wa kisiwani wangelisikia wangedhani anaumwa.

Kanazi ilifurika. Watoto wa shule walipitia, kwaya ilipitia, hata watu waliokuwa wanaelekea msibani walipitia kwanza. Violeth aliwabatiza Bwana Harusi na Bibi Harusi. Skolastika alisimama mlangoni mwa banda kama mama wa arusi, anapokea pongezi, anagawa chai.

Kisha masika ikaanza, na arusi ikawa nzito. Wale wawili walikula majani ya rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya kijiji, wakala na nyasi zilizokatwa kutandikwa chini ya migomba, wakala na zile za kutandika sebuleni. Mayenga alikuwa anashuka na panga alfajiri na kurudi amekunjika mara mbili. Mavi yalikuwepo, ni kweli, ila wiki ya tatu ya mvua yalikuja mepesi kama uji. Bwana Harusi akaanza kuchechemea. Bibi Harusi akasimama kwenye kona ameinamisha kichwa, na chini ya kidevu chake kikaota kifuko kama cha maji.

Mujuni alikuja na mwavuli. Alimfunua jike ukope, akaonesha. "Unaona? Palipaswa kuwa pekundu. Sasa ni karatasi. Minyoo imemnywa damu, huo uvimbe wa kidevu ndiyo dalili yake. Mngeniita wiki iliyopita." Aliwanywesha dawa wote wawili, akamkata dume kwato, akaosha mikono.

Bibi Harusi alikufa Jumamosi asubuhi. Mujuni alikataza asiliwe, kwa ugonjwa ule na dawa ile, na Mayenga akachimba shimo. Skolastika alikaa jikoni kwenye kigoda, akalia machozi ya kweli, na watu wakaja kumpa pole kama ilivyo desturi. Violeth alileta ndizi za kupika. Mwingine alileta sukari. Kufikia mchana nyumba ilikuwa imejaa, na mjane wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa hajui vizuri aliyefariki, aliuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Skolastika akacheka na machozi yake, ikabidi atoke nje.

Kicheko kilikatika simu ilipolia. Kwenye kundi la ukoo, Johnson alikuwa ameweka picha ya kaburi, sijui kapigiwa na nani, na maneno chini yake: "Poleni na msiba wa mradi. Mwezi wa kumi na mbili si mbali." Watu kumi na wanne walikuwa wameweka vidole gumba.

"Zima hiyo simu," alisema Mayenga.

"Siizimi. Naisoma." Alisoma majina yote kumi na manne, mmoja mmoja, kwa sauti. Akavuta pumzi. "Baba Nancy. Meno yanatazamwaje?"

* * *

Kurudi kwa mtu uliyemtukana ni safari ndefu kuliko ya mguu. Haidari aliwaona toka mbali, wamemkokota Bwana Harusi kwa kamba, kapona lakini kakonda. Akaita mnada mzima. "Ndugu zangu, sogeeni! Mama amerudi. Rula iko wapi, mama?"

"Imefungia mlango wa banda," alisema Skolastika. "Ndiyo kazi yake siku hizi."

"Kwa hiyo leo utawapima na nini?"

Skolastika alikuwa na majibu matatu tayari mdomoni, yote makali. Aliyameza. "Leo nimekuja kufundishwa, Haidari. Siku ile nilikukosea mbele za watu, na leo nasema mbele za watu hawahawa. Nilidhani unaniuzia watoto."

Haidari hakutegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kwa vita, akabaki na mikono hewani. Akajikuna ndevu, akamvuta kondoo mwekundu mmoja, akambana kati ya magoti. "Njoo mwenyewe. Mfungue."

Skolastika alichuchumaa, akakunja kanga, akakifungua kile kinywa kwa vidole vilivyozoea mashavu ya samaki. Akachungulia. Akaruka nyuma.

"Juu hana hata jino moja! Unaniuzia kibogoyo!"

Mnada ulilala chini. Kuna mzee mmoja wa mbuzi alikuwa anapiga ardhi na kofia yake. Haidari mwenyewe alimwachia kondoo ili ashike mbavu. Mayenga ndiye aliyechuchumaa kando ya mkewe, na kwa sauti ya chini, bila kumcheka, akamweleza kwamba kondoo wote hawana meno ya mbele ya juu, ndivyo walivyoumbwa. Unahesabu ya chini. Makubwa mawili, ndiyo kwanza anaingia ujana. Manane yaliyojipanga, ni mama kamili. Yaliyoachana na kulegea, ni bibi, muache.

Akahesabu. "Manane." Akamshika na kiwele kama alivyooneshwa, akapapasa tumbo. Kondoo wa sentimita hamsini na nane, mama kamili, na tumboni ana kitu. Skolastika alibaki ameshika tumbo lile dogo, kimya, jambo ambalo Violeth angelipa nauli kuliona.

Baada ya hapo kukatokea kitu kingine asichokitarajia. Mayenga alimsalimia Haidari kwa Kisukuma, na Haidari akaruka. Kumbe mama yake ni wa Misungwi, kijiji cha pili kutoka kwa akina Mayenga! Wanaume wale wawili wakashikana mikono na hawakuachiana kwa robo saa. Mayenga, ambaye Kanazi alikuwa anasema maneno kumi kwa siku, alisema mia tatu. Alicheka, alitema mate, alimzungusha Bwana Harusi aonekane mapaja, alitembea kama anaondoka, akarudi. Skolastika alisimama pembeni ameshika kamba. Maisha yake yote bei alipanga yeye, na leo inapangwa juu ya kichwa chake kwa lugha ambayo ameishi nayo miaka ishirini na mitano na hajui hata kuomba maji kwayo. Alijisikia mdogo. Kisha akamtazama yule mwanamume mrefu anavyokataa bei kwa kope tu, akajisikia kama msichana.

"Imekuwaje?" akauliza hatimaye.

"Anamtaka dopa akapandishie kwa mfugaji wa nchi kavu. Tunachukua majike wanne na dume mmoja. Wekundu." Mayenga akafuta jasho. "Na kamba juu."

"Watano kwa mmoja?"

"Nilianza na saba."

* * *

Wale watano walikuwa na sura ya kawaida kiasi kwamba hakuna aliyekuja kuwatazama, isipokuwa Mujuni, aliyekuja kila siku. Mayenga aliwajengea banda la kuinuka, sakafu ya fito zilizoachana kidogo, mavi yanadondoka chini na kwato zinabaki kavu. Kila asubuhi alizoa, akazungushia mgomba mmoja, akafunika kwa nyasi. Kesho mgomba wa pili. Mvua ikanyesha na wekundu wakatafuna. Mwezi wa nane majike watatu walizaa, mmoja mmoja, na wa nne akachukua muda wake. Violeth hakuwapa majina. Alisema wanafanana mno, utambariki mmoja mara mbili.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili ukoo ukaja. Skolastika alitandika nyasi mpya sebuleni, akapika ndizi na maharage, na nyama ya ng'ombe kidogo ya kuwafunga wazee midomo. Walikuja saba. Johnson alikuwa na futi ya chuma ya fundi mfukoni.

Ta Byabato alikataa chai kwanza. Akaenda moja kwa moja kwenye migomba.

Mikungu haikuwepo ya kutosha. Mgomba haufanyi kazi kwa tarehe ya kikao. Ilikuwepo minne mizuri, basi. Lakini majani yalikuwa yamefunga juu kiasi kwamba mtu akisimama chini anaongea kwa sauti ya ndani ya nyumba, na kwenye kila shina yalisimama machipukizi manene, meusi kwa afya. Mzee alivua viatu. Akatembea peku juu ya matandazo, taratibu, anakanyaga kama anayetafuta kitu alichodondosha. Akapekua nyasi kwa fimbo, minyoo ya udongo ikajikunja kwenye mwanga. Skolastika alimfuata hatua tatu nyuma, mikono ameibana ndani ya kanga.

"Mikungu minne, baba," alisema Johnson. "Nimehesabu."

Mzee aliendelea kutembea. Akafika kwenye banda, akainama, akatazama chini ya fito, akachota mkono mzima wa ile punje nyeusi, akaifikicha, akainusa. "Wangapi?"

"Wakubwa watano, Ta. Wadogo watatu, na mmoja njiani."

"Nyasi wanamaliza?"

"Wanabakiza," alisema Mayenga.

Ta Byabato alisimama pale muda mrefu kuliko heshima inavyodai. Wazee wengine walianza kuangalia upande wa harufu ya chakula. Mwisho alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Yule jike mdogo. Ameacha kunyonya?"

"Ameacha, waitu."

"Migomba yangu nayo imechoka," alisema, bila kumtazama mtu. "Nampeleka nyumbani leo. Akizaa tutaelewana."

Skolastika alifungua mdomo aulize habari ya kikao, Mayenga akamkanyaga kidole. Jike mdogo alifungwa kamba. Mkuu wa ukoo, koti la kanisani, viatu mkono wa kushoto, kamba mkono wa kulia, akaanza safari.

Hatua tano, kondoo akakaa chini.

Mzee akavuta. Kondoo akalia, na bandani wakaitikia wote saba kwa pamoja kama kwaya iliyopewa sauti. Johnson akasukuma kwa nyuma, akachafua suruali, kondoo asiondoke. Violeth, aliyekuwa amekuja kusaidia vyombo, alilazimika kujifunika uso kwa ungo.

"Hatembei peke yake, Ta," alisema Mayenga. "Kondoo hajui kwenda bila wenzake. Ukimbeba atakulilia usiku kucha. Wakimsindikiza wote akapazoea, atakaa."

"Basi watoe," alisema mzee.

Ndivyo Kanazi ilivyoona siku ile kitu ambacho kitasimuliwa hata baada ya mikungu kuliwa. Mbele Mayenga, anapiga mluzi wa kwao. Nyuma yake kondoo wanane wafupi wamebanana. Kisha Ta Byabato peku na kamba yake iliyolegea, kwa sababu sasa jike mdogo alikuwa anatembea vizuri kabisa. Kisha wazee watano wenye njaa, Skolastika na sufuria ya ndizi kichwani, maana chakula hakiwezi kubaki wageni wakiondoka, Violeth na maharage, Mujuni na mwavuli, na watu wa njiani waliouliza kuna nini na hawakusubiri jibu. Mwisho kabisa Johnson, na suruali yake.

Uani kwa Ta Byabato kondoo walitawanyika. Wakala nyasi za ukingoni, wakanywa kwenye beseni la kufulia, mmoja akaangusha mzigo wake mbele ya mlango. Mke wa mzee akatoka na ufagio, akautazama ule mzigo, akaurudisha ufagio ndani na kuja na koleo. Viti vikatolewa. Lubisi, pombe ya ndizi, ikatolewa. Mayenga, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kuvuka ua ule ila kwa misiba, aliwekewa kiti kando ya mzee na kibuyu chake mwenyewe.

Johnson alivumilia mpaka kibuyu cha pili. "Baba. Kikao je? Kile kibanja?"

Kila mtu aliacha kutafuna. Skolastika alikuwa ameshika mwiko wa ndizi juu ya sahani ya mtu, na ndizi zikabaki hapo hewani.

Ta Byabato alikuwa anamtazama jike wake, aliyelala ubavuni kwa mama yake kivulini mwa mgomba mwembamba.

"Kibanja kipi?" akasema. "Wewe hukusikia anavyolia? Nikipanda mikaratusi pale, huyu akikumbuka wenzake nitampeleka wapi?" Akageuka. "Skola, mwanangu, hizo ndizi unampa mtu au unampimia?"

Akampa. Na kwa kuwa sahani zilikuwa chache na watu wengi, wakala wawili wawili, Johnson na Violeth sahani moja, mpaka jua likageuka na Mayenga akapiga mluzi kuwarudisha saba waliobaki nyumbani.